Koti jipya la ngozi la pikipiki ni gumu, halikunjiki: tulizungumze hapa, wapanda pikipiki wa Malindi na jirani

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu, Mambrui, Gede na nyote mnaopanda pikipiki huku pwani, salaam.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee. Mtu anapata koti lake jipya la pikipiki, ngozi nzito, zipu zinang'aa. Analivaa, mikono inakataa kukunjika, ukosi unamkata shingo, akikaa kwenye pikipiki sehemu ya mbele inapanda mpaka kidevuni. Siku chache baadaye ameanza kutafuta dawa: huyu anamwambia apake nazi, yule anamwambia aliloweke, mwingine anamwambia alianike juani lipate moto.

Mimi ni fundi wa ngozi hapa mjini. Nashona viatu, mikoba, makubadhi na viti vya pikipiki, na mwenyewe napanda pikipiki. Makoti yanayoletwa kwangu, mengi yameharibiwa na kulainishwa, hata barabara haijapata nafasi ya kuyagusa. Nyuzi zimelegea, ngozi imepasuka mabegani, rangi imetoka kwa mabaka. Yananiuma, kwa sababu ni vitu vya thamani na vimetengenezwa kumlinda mtu. Ndiyo maana nimeamua kufungua uzi huu.

Neno langu kubwa ni hili: koti la ngozi hulainishwa na mwili wa mwenye koti, kwa kuvaliwa. Mengine yote ni msaada mdogo, na mengi ni hasara tupu.

Tuanze na ugumu wenyewe unatoka wapi. Ngozi ya ng'ombe ni nyuzinyuzi za kolajeni zilizosukana kila upande. Ikishasindikwa kiwandani, kwa kromu au kwa tanini ya magome ya miti, hurudishiwa mafuta maalumu ili nyuzi hizo ziweze kuteleza. (Tanini si ngeni kwetu. Magome ya mikoko ya pwani hii yamejaa tanini, na zamani yalivunwa yakapelekwa ng'ambo kwa kazi hiyo ya ngozi.) Koti likiwa jipya, nyuzi hazijazoea kuteleza. Kila ukikunja kiwiko, zile za mahali pale zinaachiana kidogo, na ukizidi kukunja palepale, mkunjo unajikalia. Joto la mwili na unyevu mdogo wa jasho huharakisha. Aliyewahi kuvaa makubadhi mapya anaijua hali hii: yanauma mwanzo, kisha yanachukua umbo la mguu wako, na mtu mwingine akiyavaa anaona kabisa kuwa si yake.

Ugumu ule pia ndio ulioulipia. Ngozi ya koti la kupandia pikipiki huwa na unene wa milimita 1.1 hadi 1.4 hivi. Koti la kutembelea laweza kuwa na milimita 0.6 au 0.8, na mara nyingi ni la kondoo. Ukipita kwenye mitumba ukashika koti la ngozi likawa laini kama hivyo tangu siku ya kwanza, jua kwamba lilishonwa kwa ajili ya mapambo. Ukiburuzika nalo kwenye lami halikai, na mishono yake inafunguka kabla ya ngozi yenyewe. Tazama lebo ya ndani. Makoti yaliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 17092, kilichotoka 2020, huandikwa daraja: AAA ni ya juu, inafuata AA, kisha A. Padi za mabega na viwiko zina kiwango chake, EN 1621-1, zikiandikwa 1 au 2, na ya 2 huzuia pigo zaidi.

Sasa jambo ambalo watu wanaliruka, na kwangu ndilo la kwanza kabisa: hakikisha koti ni la kipimo chako kabla hujaanza kulilainisha. Kuna ugumu unaoisha na kuna kubana kusikoisha, na usipovitofautisha utahangaika na koti ambalo halitakukaa maisha.

Usilipime ukiwa umesimama mbele ya kioo. Koti la pikipiki limekatwa kwa mtu aliyekaa, mikono mbele. Ukisimama litakuvuta mgongoni na kujikusanya kifuani, na hiyo ni kawaida. Panda pikipiki yako, ikiwa imesimama, ushike usukani. Upinde kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Geuza kichwa utazame nyuma kana kwamba unataka kuingia barabara kuu. Nyoosha vidole ufikie breki na klachi. Kisha jiulize: mkono wa koti umefunika kifundo au umepanda? Mgongo uko wazi kiunoni? Mabega yamefika mwisho wa bega lako, au yamebaki ndani?

Mabega hayapanuki. Ngozi ya pale imekazwa kwa mishono mitatu au minne inayokutana, na chini yake kuna padi. Yakikubana leo yatakubana mwakani. Urefu wa mgongo nao hauongezeki. Mikono ndiyo inayoshangaza watu, kwa sababu hupungua: mikunjo ya kiwiko ikishakaa, mkono unapanda juu kidogo. Kwa hiyo mkono uliozidi kidogo dukani ni mzuri, na ule uliokutosha barabara dukani utaacha kifundo wazi baadaye. Vinavyolegea ni viwiko, makwapa, ukosi, kiuno pale unapoinama, na kifua kidogo.

Lipime pia kwa upande wa kupwaya. Likiwa mwilini, shika padi ya kiwiko kwa mkono mwingine ujaribu kuizungusha. Ikihama ikaenda ndani ya mkono, koti ni kubwa, na siku ya kuanguka padi haitakuwa mahali inapotakiwa. Kwa sababu hiyo siwashauri watu kununua saizi kubwa ili waukwepe ugumu. Koti jipya la ngozi linatakiwa likukumbatie, upumue vizuri, zipu ifunge bila ya kumwita mtu akusaidie.

Likishakuwa lako, lianzie nyumbani. Hapa kwetu wakati mzuri ni usiku, baada ya Isha, upepo wa bahari ukishaingia. Toa padi zote, maana nyumbani hazina kazi na zinazuia ngozi isikunjike. Livae ufanye shughuli zako: kaa, inama, funga viatu, jikumbatie mwenyewe mikono ifike mabegani. Geuza kiti ukae ukitazama egemeo, ulishike kana kwamba ni usukani, ubaki hivyo unasikiliza redio. Ukilivua, lifanyie kazi kwa mikono: shika mkono wa koti pale kiwikoni, ukunje, ukunjue, usugue ngozi kwa ngozi. Ukosi uuviringishe nje na ndani. Makwapa yavutevute taratibu. Fanya kidogo kila siku, usilikamue siku moja mpaka vidole vikuume.

Nyundo hapana. Msasa hapana. Kulitandaza barabarani gari lipite juu hapana, na nimeletewa koti lililofanyiwa hivyo: zipu zimepondeka, mchanga umeingia kwenye mishono ukawa unazikata nyuzi kutoka ndani. Msasa nao unaondoa uso wa ngozi, na uso ule ndio unaozuia maji.

Kabla ya kutoka barabarani rudisha padi zote. Hili nalisema kwa uzito. Kuna vijana wanaziacha kabatini "mpaka koti lilegee". Ukianguka wiki hiyo, kiwiko chako kimeangukia ngozi peke yake.

Safari za mwanzo ziwe fupi, na ziwe za asubuhi. Toka mjini, vuka daraja la Sabaki, fika Mambrui, rudi. Au nenda Gede na kurudi kabla jua halijapanda. Usianze nalo kwa Mombasa, kilomita 120 hivi za malori na mabasi. Koti gumu linachosha mabega, na mtu aliyechoka mabega anaanza kuona uvivu wa kugeuza kichwa. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Ukirudi nyumbani usilivue mara moja. Zile dakika chache ambazo ngozi bado ina joto lako na jasho ndizo bora za kukunja viwiko na kiuno, na mkunjo unaoupata hapo unabaki.

Ndani yake vaa fulana nyepesi ya michezo ya mikono mirefu, ile inayokauka upesi. Bitana nyingi ni za polista na zikikutana na ngozi tupu yenye jasho hunata, ukadhani koti linabana kumbe ni bitana imekushika. Shingoni funga leso laini mpaka ukosi utulie. Zipu mpya ikigoma, isugue meno yake kwa nta ya mshumaa, uifungue na kuifunga, itateleza. Usiipake mafuta ya injini, yatahamia kwenye kitambaa na kunasa vumbi.

Mafuta sasa. Najua huku kwetu nazi ni dawa ya kila kitu, na sidharau nazi. Lakini kwenye koti la pikipiki iacheni. Ngozi inainywa upesi, rangi inakoza kwa mabaka, na baada ya muda mafuta ya kula huchacha na kutoa harufu ambayo hakuna sabuni inayoitoa. Kibaya zaidi, mafuta mengi yanalegeza nyuzi za ngozi kupita kiasi, mpaka matundu ya sindano yanapanuka. Unapata koti laini kweli, ambalo mshono wake hautashika. Simsim, mafuta ya kupikia na mafuta ya kujipaka mwilini yote ni yaleyale. Mafuta ya taa na petroli ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa yanaondoa hata mafuta yaliyotiwa kiwandani.

Koti jipya halina njaa ya mafuta. Limetoka nayo kiwandani. Likishatumika miezi kadhaa, ukaona viwiko vimeanza kupauka, nunua krimu ya ngozi yenye nta ya nyuki au lanolini (mafuta ya manyoya ya kondoo), ujaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, kisha upake nyembamba sana kwa kitambaa.

Na jua. Jua letu la kaskazi, Desemba mpaka Machi, usiliachie koti. Ukiliacha juu ya kiti cheusi cha pikipiki ukaingia kula, ukirudi utalikuta moto. Mafuta ya ndani ya ngozi yanakauka, na likipoa linakuwa gumu kuliko ulivyolinunua. Ngozi iliyolowa ndiyo inayoumia zaidi kwa joto, kwani hujikunja na kusinyaa, na ikishasinyaa hairudi.

Nimeishia hapa kwa leo. Ulizeni.

*

Nimerudi. Nashukuru kwa michango, najibu kadiri ninavyoweza.

Ndugu uliyesema Wamarekani wanaingia na koti kwenye maji kisha wanalivaa mpaka likauke: ni kweli wapo wanaofanya hivyo, hasa wapenzi wa makoti ya mtindo wa zamani ya ngozi ya farasi. Irving Schott wa New York alipotoa koti lake la Perfecto mwaka 1928, koti la pikipiki lenye zipu lililouzwa kwa dola 5.50, alitumia ngozi ya farasi, na ngozi hiyo ni kaidi sana. Koti lile lilikuwa ngozi, bitana na zipu, basi. La kwako lina padi, sponji, pengine na mpira wa kunyumbulika mgongoni. Ukililoweka, rangi inavuja, mafuta ya kiwandani yanatoka na maji, na sponji inakaa na unyevu siku nyingi kwa hali ya hewa hii yetu. Ukitaka msaada wa maji, chukua kitambaa, kilowe, kikamue sana, upanguse viwiko na makwapa tu, kisha ulivae mpaka pakauke mwilini mwako. Na maji yawe ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi.

Mzee wangu uliyesema koti ulilopewa na rafiki Mwitaliano limekaa sandukuni muda mrefu na sasa ni kavu, shikamoo. La kwako si suala la upya, ni la ukame, na dawa yake ni tofauti. Wataliano ni mafundi wa kazi hii. Dainese, kwa mfano, ilianza mwaka 1972 kule kaskazini mwa Italia kwa suruali za ngozi za mbio za pikipiki. Hivyo huenda umepata kitu kizuri. Lakini usilikunje bado! Ngozi iliyokauka ikikunjwa inapasuka. Lipanguse vumbi, lipake krimu nyembamba, liache kivulini siku nzima, rudia mpaka uone limeacha kunywa, ndipo ulivae. Kagua pia padi: zikibonyea na kumeguka kwa kidole, zitupe utafute nyingine. Na uvute mishono taratibu kwa vidole viwili kila upande, hasa ya mabegani, uone kama uzi bado una nguvu. Uzi ukikatika upesi, niletee au umpelekee fundi mwenye cherehani ya ngozi, aushone kwa uzi wa nailoni. Uzi wa pamba huoza kwa jasho.

Dada uliyeuliza kuhusu kifua na nyonga: usikubali kuambiwa kwamba litalegea tu. Koti lililokatwa kwa kifua cha mwanamume litakubana mbele na kupwaya kiunoni, na kulivaa hakutabadilisha hilo. Yapo makoti ya kike ya pikipiki yenye padi zilezile na daraja zilezile. Kama umeshalinunua, fundi anaweza kufungua mishono ya ubavuni na kuingiza kipande cha ngozi au kamba za kukaza. Ubavuni panavumilia kazi hiyo. Mabega na mikono asiguse mtu.

Kijana wa bodaboda, wewe umesema wazi kwamba ngozi huiwezi, siku nzima uko juani na abiria. Nakuelewa kabisa. Tafuta koti la kitambaa kizito, la Cordura (nailoni ngumu) au la matundu ya kupitisha hewa, lenye padi zilizoandikwa kiwango. Hilo nalo likiwa jipya huwa kakamavu kwa sababu ya utando wa plastiki uliopakwa ndani yake, lakini hulegea upesi kuliko ngozi. Ukilifua toa padi, fuata lebo, tumia sabuni ya maji kidogo, usitie kile kilainishi cha nguo chenye manukato. Kinaziba utando unaopitisha jasho. Kizibao chako cha kuakisi mwanga kiendelee kukaa juu yake, maana sheria ya barabarani ya Kenya inakitaka kwako na kwa abiria pia, pamoja na helmeti. Lile koti zito la mitumba mnalolivaa mgongo mbele kwa ajili ya upepo wa asubuhi linakinga baridi, na hapo ndipo kazi yake inapoisha. Zaidi ya hayo likivaliwa hivyo linavuta mikono, na ukosi unakaa kooni.

Aliyetuandikia kutoka upande wa Lamu, kwamba alivuka kutoka Mokowe na koti likapigwa na mawimbi mashuani, na sasa limekauka na michirizi myeupe na kukakamaa kuliko mwanzo: hiyo ni chumvi. Maji yamekauka, chumvi imebaki kati ya nyuzi na inaendelea kunyonya unyevu wa ngozi. Usipake krimu juu yake, utaifungia ndani. Panguse koti zima kwa kitambaa chenye maji baridi, ubadilishe maji kila yakishakuwa na chumvi, mpaka michirizi isirudi. Panguse zima, usipanguse doa peke yake, la sivyo utaacha alama ya duara. Lijaze taulo mikononi na kifuani, litundike kivulini penye upepo kwa henga pana. Msumari utaliacha na kipembe shingoni. Likiwa karibu kukauka, livae, ukunje viwiko, likaukie mwilini. Kesho yake ndipo upake krimu kidogo. Zipu zisuuze pia, chumvi inazila. Hata sisi tunaopita ufukweni kila siku, kitambaa chenye unyevu mara kwa mara kinatosha, na pale shingoni na vifundoni zaidi, maana jasho nalo ni chumvi.

Ukungu wa masika, wengi mmeuliza. Mfuko wa plastiki ndio unaouleta. Litundike wazi, mbali na ukuta, ulivalishe shuka la pamba kama unaogopa vumbi. Ukungu ukishatokea, utoe nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha kitambaa chenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana, na ukaushe kivulini.

Wa mwisho kwa usiku huu ni yule anayesema koti limeshalegea vizuri lakini padi ya kiwiko cha kushoto inakaa juu ya kiwiko, karibu na msuli. Hilo halitajirekebisha. Padi inakaa ndani ya mfuko wa bitana. Mingi ya mifuko hiyo ina kipande cha kunata chenye nafasi mbili, ishushe kwanza kwenye ile ya chini. Kama haina, fundi anafungua mshono wa bitana peke yake, anaushusha mfuko, anaushona tena. Ngozi haiguswi hata kidogo. Kaa kwenye pikipiki, shika usukani, weka alama ya chaki kwa nje pale ncha ya kiwiko ilipo, kisha weka hapa picha ya alama hiyo na ya bitana kwa ndani, nikuonyeshe pa kufungua.